Tupu isiyo tupu: herufi zisizoonekana katika posti na wasifu

Hamjambo nyote, na karibuni.

Wasimamizi wa kurasa wana maswali mawili yasiyokwisha. La kwanza: nifanyeje jina langu lionekane halina kitu? La pili: nipateje mstari mtupu katikati ya kapsheni bila programu kuufuta? Jibu la haraka ni kunakili alama fulani na kuibandika. Shida ni kwamba alama ileile inapita kwenye programu hii, inakataliwa kwenye ile, na kwenye simu ya jirani inageuka kisanduku. Anayejua sababu hahangaiki kujaribu alama hamsini.

Ukibonyeza kitufe kirefu cha kibodi unaandika nafasi ya kawaida, ambayo namba yake katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama namba yake, ni U+0020. Programu ikipokea jina, kwa kawaida huanza kwa kukata nafasi za mwanzoni na za mwishoni. Andika nafasi kumi tupu, zote zinakatwa, hakibaki kitu, unaambiwa ujaze jina. Sasa shikeni hili, kwa kuwa mengine yote yanatoka hapa: programu haina macho. Haijui kipi kinaonekana na kipi hakionekani. Inachokiangalia ni kundi la alama. Kila alama ya Unicode imepangiwa kundi lake: herufi, tarakimu, nafasi, ishara, alama za mpangilio na kadhalika. Mkataji hukata kundi la nafasi tu.

Tuchukue alama nne. Ya kwanza ni U+00A0, nafasi isiyovunjika mstari. Hii ni nafasi halisi, kwa hiyo hukatwa kama ndugu yake wa kibodi. Ya pili ni U+200B, nafasi isiyo na upana. Jina lake linadanganya: tangu toleo la 4.0.1 la Unicode, mwaka 2004, ilitolewa kwenye kundi la nafasi ikawekwa kwenye alama za mpangilio. Ndiyo maana amri ya kukata nafasi ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, huiacha ilipo. Ya tatu ni U+2800, ambayo ni seli ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, isiyo na nukta hata moja iliyoinuka. Ni ya kwanza katika jedwali la seli 256 zinazoishia U+28FF. Kundi lake ni ishara, sawa na michoro mingine. Ya nne ni U+3164, kijazio cha mwandiko wa Kikorea. Na hapa ndipo utamu ulipo: Unicode inaihesabu kuwa herufi. Kanuni inayodai kwamba jina lazima liwe na walau herufi moja inaridhika nayo kabisa, hata kama mtu haoni kitu. Wachezaji wa Free Fire, mchezo wa simu, wanaitumia sana kutenganisha maneno ya majina yao kwa sababu hiyohiyo.

Upana nao ni jambo la kupima. U+200B haichukui nafasi yoyote kwenye skrini. U+2800 kwa kawaida ina upana wa seli yake. U+3164 ni kigeugeu: baadhi ya fonti huipa upana wa herufi nzima ya Kikorea, nyingine huificha kabisa, kwa kuwa Unicode inaruhusu isichorwe. Ukitaka pengo la kutegemewa, chagua U+2800.

Kuiandika. Kwenye Word ya Windows, andika 2800 kisha bonyeza Alt na X pamoja. Tarakimu zinapotea, alama inabaki. Kwenye Linux nyingi ni Ctrl, Shift na U, kisha 2800, kisha Enter. Kwenye simu, inakili mara moja, kisha iwekee kifupisho katika mipangilio ya kibodi, kwenye sehemu ya kubadilisha maandishi. Usitumie neno unaloliandika kila siku, utajuta.

Kwa kapsheni, weka U+2800 peke yake kwenye mstari, na hakikisha aya iliyotangulia haikuishia kwa nafasi ya kawaida. Usirundike kumi. Mtandao wa X hauhesabu alama zote sawa: katika zile 280 za posti moja, U+200B inakula moja, lakini U+2800 na U+3164 zinakula mbili kila moja. Mistari kumi mitupu, pamoja na kuvunja mistari yenyewe, imeshakula 30.

U+200B ina kazi yake nyingine, ya kuzuia kiungo. Iweke mara baada ya @ na jina halitageuka kuwa kutajwa, kwa hiyo mwenye jina hapati taarifa. Iweke kando ya nukta ya anwani ya tovuti na anwani inaweza kubaki maandishi matupu. Ila mkumbuke inanakiliwa pamoja na maneno. Ikiwa ndani ya jina la tovuti, kivinjari huidondosha na ukurasa unafunguka. Ikiwa baada ya mkwaju (/), inageuka %E2%80%8B na seva inajibu kwamba ukurasa haupo. Ikiingia kwenye nywila, mtu atabandika mara tano na kukataliwa mara tano huku akiapa kwamba nywila ni sahihi. Na kwa macho yake, kweli ni sahihi.

Sasa suala la fedha. Watu wengi huchukua posti ya ukurasani na kuituma kama SMS ya wateja. SMS yenye herufi za kawaida za Kilatini hubeba alama 160. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya jedwali la herufi hizo, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo, na kikomo kinashuka hadi 70. Ukizidi hapo, kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa alama 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu kwa sababu ya U+200B moja isiyoonekana. Zidisha kwa wateja elfu mbili, halafu utafute kosa kwa macho. Hulioni.

Kuna wanaozihitaji alama hizi kwa kazi halali kabisa. Mtu wa Unguja, Mombasa au Muscat anayeandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kisha namba ya simu yenye makundi yaliyotenganishwa kwa nafasi, hukuta namba imepinduka: kundi la mwisho limekuja kushoto, na msimbo wa nchi, mfano 255, umekwenda kulia ukiwa na alama ya kujumlisha ubavuni. Namba haijaharibika, ni mpangilio wa kuonyesha tu, kwa sababu mstari unasomwa kutoka kulia. Dawa ni alama moja, U+200E, alama ya mwelekeo wa kushoto kwenda kulia, ikiwekwa kabla tu ya ile ya kujumlisha. Makundi yote yanarudi mahali pake.

Vivyo hivyo U+200D, kiunganishi kisicho na upana, ndiyo gundi ya emoji. Picha ya familia ni emoji za watu mmojammoja zilizogandishwa kwa alama hiyo. Waandishi wa programu hupenda kufuta kila kisichoonekana kwa mkupuo. Matokeo yake familia inasambaratika, baba huku, mama kule, mtoto peke yake. Nao U+200C, kitenganishi kisicho na upana, ni sehemu ya tahajia ya Kiajemi, kwa hiyo kuifuta ni kuharibu maneno ya watu. Anayesafisha majina afute U+200B na wenzake wawili wasio na upana, U+2060 na U+FEFF, bila huruma. U+200C na U+200D aziruhusu pale tu zinapokaa kati ya herufi au emoji zinazozihitaji. Vijazio vya Kikorea viko vinne, si kimoja: U+115F, U+1160, U+3164 na U+FFA0. Wengi huziba mmoja na kuacha milango mitatu wazi. U+2800 nayo ishughulikiwe peke yake, kwa kuwa kusawazisha maandishi kwa kanuni za Unicode hakuigusi.

Kuhusu udanganyifu. Jina la kuonyeshwa linaweza kufanana na la mwingine herufi kwa herufi huku ndani likiwa na U+200B. Jina la akaunti, lile la @, halichezewi hivyo: X inakubali herufi za Kilatini, tarakimu na mstari wa chini tu, Instagram inaongeza nukta. Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha ukurasa asome la @. Na mwogopeni U+202E, alama inayogeuza mwelekeo wa maandishi. Faili linaloonekana kuishia jpg, yaani picha, linaweza kuwa exe, yaani programu, ambayo jina lake limesomwa kinyumenyume.

Gharama moja husahaulika: wasioona. Baadhi ya programu zinazosoma skrini kwa sauti huitaja U+2800 kila zinapoikuta. Pambo la mistari sita mitupu kwako ni kelele sita kwa msikilizaji. Na jina tupu kabisa halitafutiki. Hata mteja anayekupenda hana cha kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Mwisho ni namna ya kuzikamata. Kwenye simu, weka kielekezi mwishoni mwa neno na ufute pole pole. Ukibonyeza na hakuna herufi iliyoondoka, umeikuta. Kwenye kompyuta, bandika maandishi ndani ya Vim, programu ya kuhariri maandishi, na U+200B itaonekana kama <200b>; VS Code, mhariri mwingine wa aina hiyo, huzizungushia kisanduku cha rangi. Anayetumia lugha ya programu ya Python aandike hex(ord(c)) for c in jina ndani ya mabano ya mraba, apate namba zote. Na kabla ya kupeleka kampeni ya SMS, angalia kihesabio: kikisema 70 pale ulipotegemea 160, lakini huoni emoji wala alama ya ajabu, rudi mwanzo wa maandishi na uyaandike upya kwa mkono. Usinakili.

Maswali, tafadhali. Naona mkono kule nyuma.