Bonde la Msimbazi: Aliyetangulia Kujenga Ni Nani?

Ndugu zangu, hili neno "wavamizi wa mabondeni" nimechoka kulisikia. Kila masika Jangwani, eneo la bonde la mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, ikifurika, lawama ni kwa wananchi: wakaidi, hawasikii. Haya, twende polepole.

Mpango mkuu wa Dar es Salaam wa 1979 uliyahesabu mabonde kuwa ardhi ya hatari. Ulikuwepo. Lakini watu hawajengi kwa kutazama ramani iliyofungiwa kabatini, wanafuata barabara, umeme na maji. Sasa pale Jangwani serikali yenyewe ilijenga nini? Karakana ya mabasi ya mwendokasi, bondeni kabisa! Na hiyo ni baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini. Mabasi yakaanza kazi 2016, mvua ikaja, karakana ikazama na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Ulitegemea jirani yake ajifunze nini?

Mtaniambia: "Waathirika wa mafuriko ya 2011 si walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji? Mbona wengine walirudi?" Walirudi kwa sababu riziki ilibaki soko la Kariakoo, katikati ya jiji. Mbeba mizigo akitoka Mabwepande, nauli inammaliza kabla hajapata mzigo wa kwanza. Kumpa mtu kiwanja bila njia ya kufika kazini si kumhamisha, ni kumtupa.

Na tazameni ukuta wa nyumba ya bondeni. Juu kuna X nyekundu: bomoa. Chini yake kuna mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye Luku. Mama akinunua umeme wa kupikia uji, anailipia kodi nyumba iliyokwisha kuandikiwa kubomolewa. Afuate amri ipi, ya rangi au ya mita?

Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisijengwe. Nzuri sana. Vigingi viko wapi? Msingi unachimbwa, zege linamwagwa, bati linapanda, mtaa mzima unaona. Greda linakuja miaka kumi baadaye.

Mradi mpya wa bonde umepanga kuihamisha karakana. Ihame kwanza. Fidia za watu zilipwe kabla greda halijawashwa. Na ofisi yoyote itakayoomba kibali cha kujenga tena humo, hata kama ni ya wizara, inyimwe.