Hukumu ya Mwanza ya 1990 na Muhtasari wa Kikao cha Ukoo

Ndugu wasaidizi wa kisheria, tuanzie Muleba, mkoani Kagera. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza kwa Sh 300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Hakuyatoa kichwani. Yamo katika kanuni ya 20 ya sheria za urithi za kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Akashinda. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kuwa kanuni hiyo inagongana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke auze kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Wengi wetu hapo tunafunga daftari. Hukumu inafundishwa vyuoni, inasifiwa hadi nje, ila tangazo lenyewe liliachwa palepale. Kanuni ya 27 inamnyima mjane fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na watoto, basi. Wajane wawili waliipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kuna ubaguzi, ikakataa kuibatilisha. Rufaa yao ikatupwa Desemba 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye amri. Tarehe, jamani! Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka mkataba wa kuondoa ubaguzi huo. Hiyo ni miaka 25 baada ya Mwanza.

Kwa nini tunasahau? Ushindi umehifadhiwa kwenye ripoti za sheria, kwa Kiingereza. Mirathi ya kijijini inaanzia kwenye kikao cha ukoo na kuishia Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiowahi kuisikia hukumu hiyo.

Kwa hiyo mkiletewa muhtasari wa kikao, msianze na jina la msimamizi wa mirathi aliyependekezwa. Someni kwanza orodha ya warithi. Mara nyingi mjane ameandikwa kama mhudhuriaji, saini yake ipo, lakini kwenye warithi hayumo, na mabinti wamefupishwa kuwa “na wengineo”. Pingamizi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo kabla msimamizi hajateuliwa. Akishateuliwa ana miezi minne kujaza Fomu Na. 5, ya mali na madeni, na Na. 6, ya hesabu. Ombeni kuziona, maana shamba likikosekana Na. 5, kulirudisha baadaye ni kazi kweli kweli.

Ardhi ikiwa ya kijiji, andikeni kwenye pingamizi kifungu cha 20(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Andikeni namba ya kifungu. Mkisema tu “haki za wanawake”, mzee wa baraza atawajibu kwa mila, na mila anaijua kuliko ninyi.