Nikishuka Uyole

ATU: Tupo tena, Mbeya yetu na baridi lake. Mimi Atu.

LUSAJO: Na Lusajo. Ndaga kwa wote mnaotusikiliza.

ATU: Lusajo, mwezi uliopita si ulitangaza hapa hapa kwamba umeacha kupitia grosari kunywa bia?

LUSAJO: Nilitangaza, dada Atu. Nikaweza siku nne. Ya tano nimefunga duka la spea Mwanjelwa, nimepanda daladala, nashuka Uyole, miguu ikakata kona yenyewe. Nakuja kushtuka, mhudumu ananiuliza, "Ya moto au ya baridi?"

ATU: Ukajibu.

LUSAJO: Ya moto. Julai hii nani ananywa ya baridi?

ATU: Haya. Ukaja hapa unajitukana kwamba huna msimamo. Mimi naona nia ulikuwa nayo, ila pale stendi hukuwa na mpango. Kuna mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, mwaka 1999 aliandika juu ya hili: "nitapunguza pombe" pekee haitoshi. Taja mahali, taja saa, taja utakachofanya. Likitokea hili, nafanya lile. Hapo huanzi kubishana na nafsi wakati mguu mmoja umeshaingia ndani.

LUSAJO: Ndiyo tukaandika: "Nikishuka Uyole, navuka barabara, nanunua karanga kwa yule mama, napita njia ya nyuma."

ATU: Kwa nini karanga?

LUSAJO: Mdomo uwe na kazi! Halafu yule mama yuko ng'ambo. Ukishavuka katikati ya yale malori ya Tunduma, kurudi unafikiria mara mbili.

ATU: Hiyo ya malori haimo kwenye kitabu chochote, lakini naichukua. Umefikisha siku ngapi?

LUSAJO: Ishirini na sita, nimeteleza mara moja. Si wanasema siku 21 inakuwa tabia?

ATU: Wanasema tu. Kule London, Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya. Kati ya waliofika mahali pa kuizoea, nusu walichukua siku 66 au pungufu. Kwa hesabu zao wengine 18, wengine 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo huko kuteleza kwako usikufanyie matanga.

LUSAJO: Afadhali.

ATU: Ngoja, hapa sitaki utani. Msikilizaji, kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usiache ghafla peke yako. Mwili unaweza kuleta degedege. Nenda hospitali, waambie kiasi unachokunywa bila kupunguza.

LUSAJO: Sasa dada, karanga zimenifikisha nyumbani. Usiku je? Mimi nilikuwa nakunywa ili nilale. Rejesho la kikoba, ada, mzigo wa Dar haujafika... saa nane macho makavu.

ATU: Mawazo ukiyafukuza yanarudi na ndugu zao. Yape zamu. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake, Marekani, walijaribu hivi: nusu saa ya kuwaza kila siku, mahali pale pale, muda ule ule. Wazo likija nje ya zamu, unaliambia subiri. Waliofanya hivyo wasiwasi wao wa kila siku ulipungua. Ila zamu isiwe kitandani.

LUSAJO: Mimi nimechagua saa kumi na mbili jioni, kigoda kando ya jiko la mkaa, na kauntabuku. Wazo la saa nane naliandika neno moja, "kikoba", nageuka upande. Jioni nalifungua: nadaiwa ngapi, nimpigie nani.

ATU: Mama watoto anasemaje?

LUSAJO: Anapita na sufuria: "Baba, umeshamaliza kuwaza? Nataka jiko."

ATU: Na unamaliza?

LUSAJO: Juzi dakika kumi tu yakaisha. Muda umebaki, nikaanza kuwaza madeni ya jirani.