Kiasi ni bia ngapi?

Jamani, hili swali nauliza kila nikisimama kuongea na leo nauliza tena, tunaambiwa tunywe kwa kiasi, hicho kiasi ni bia ngapi? Haya mnasikia, huyu kasema mbili, yule nyuma kasema nne, mwingine "mpaka zianze kupanda". Kila mtu kiasi chake ni kile anachokunywa yeye, anayezidisha ni jirani siku zote.

Basi tuhesabu. Chupa ya nusu lita, bia ya asilimia 5, humo ndani kuna mililita 25 za alkoholi tupu, ukiiweka kwenye mizani ni karibu gramu 20. Uingereza tangu 2016 wanawaambia watu wao, mwanaume na mwanamke sawa, msizidi uniti 14 kwa wiki, na uniti moja ni gramu 8. Kumi na nne mara nane ni 112, gawa kwa 20 unapata chupa tano na kitu. Kwa wiki! Siyo kwa jioni moja. Na usizilimbikize zote mpaka Jumamosi, wamesema kabisa zigawanywe siku tatu au zaidi, maana ini lina mwendo wake, chupa moja tu hiyo inalichukua masaa mawili au zaidi kuimaliza, kahawa hailiharakishi wala kuoga maji ya baridi, unabaki umelewa na umelowa.

Najua mtaniambia bia siyo pombe kali. Nusu lita hiyo ni sawa na glasi ndogo mbili za pombe kali, alkoholi ni ileile, umeiongezea maji tu. Na mtaniambia kidogo kinasaidia moyo, hili ndo linanichosha kuliko yote. Tafiti nyingi za zamani zilizosema hivyo ziliwalinganisha wanywaji na "wasiokunywa", sasa kwenye hao wasiokunywa walikuwemo watu walioacha pombe kwa sababu tayari wanaumwa! Mgonjwa aliyeacha na mtu ambaye hajawahi kuonja wamewekwa kapu moja, lazima mnywaji wa kiasi aonekane mzima.

Saratani hamtaki kuisikia ila pombe imo kwenye kundi la kwanza la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yaani visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, tangu 1988, pamoja na bia. Mwili unaigeuza alkoholi kuwa asetaldehidi, kemikali yenye sumu, na hiyo ndo inaharibu DNA. Koo, ini, utumbo mpana, matiti, na kwa matiti hata kidogo kinaongeza hatari. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) wakasema wazi hakuna kiwango kilicho salama, kwa hiyo hata zile tano zinapunguza hatari tu, haziiondoi.

Muda umeniishia, mengine nayapitia mbio. Mjamzito, hata glasi moja hapana. Dereva hapana. Dawa za usingizi na bia msichanganye. Na wewe unayekunywa sana kila siku, usitoke hapa ukaacha ghafla leo, ukianza kutetemeka unaweza kupata degedege na inaua, nenda kwa daktari kwanza akupangie namna ya kuacha.