Kumsajili mkongwe msimu ukielekea ukingoni: kwanza amlinde kwotabeki

Ndugu zangu, habari za jioni. Mada yetu ni nyembamba. Timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, imefika wiki ya 14 au ya 15, ranibeki wake namba moja, yule anayekabidhiwa mpira ili aupenye ukuta, ameumia, na meneja mkuu ameanza kupekua orodha ya wachezaji huru, yaani wasio na mkataba. Redioni tayari majina makubwa yanatajwa. Hoja yangu naitoa mapema ili mniwinde nayo: jambo la kwanza la kujua kuhusu mkongwe ni kama Jumapili hii anaweza kumlinda kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Kasi na yadi zisubiri foleni.

Chukueni Tennessee Titans wa 2021. Tarehe 31 Oktoba Derrick Henry alivunjika mfupa wa unyayo. Alikuwa kinara wa ligi kwa yadi 937, na katika mechi 8 alikuwa amekabidhiwa mpira mara 219. Mzigo mzito kweli. Klabu ikamleta Adrian Peterson, umri miaka 36, na vyombo vya habari vikachangamka. Wiki hiyo hiyo, bila kelele, ikamweka D'Onta Foreman kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wachezaji wa akiba walio nje ya kikosi rasmi. Huyu alikuwa na miaka 25, na mwaka 2017 alichanika kano ya kisigino akiwa Houston Texans. Peterson alicheza mechi 3, akapewa mpira mara 27, yadi 82, tachidauni 1 (kuufikisha mpira eneo la goli), na tarehe 23 Novemba akaachwa. Siku 5 baadaye, dhidi ya New England Patriots, Foreman alivuka yadi 100, na Dontrell Hilliard naye akavuka. Mechi walifungwa, lakini kazi ilikuwa imepata mwenyewe: Foreman alimaliza msimu na yadi 566, Titans wakamaliza wakiwa wameshinda 12 na kufungwa 5, wakiongoza AFC, moja ya kanda mbili za ligi. Safu ya mbele ilikuwa ile ile na kitabu cha mbinu kile kile. Tofauti ilikuwa miguu.

Basi mkongwe hafai? Anafaa, akikuta lugha anayoijua. LeGarrette Blount aliachwa na Pittsburgh Steelers Novemba 2014, Patriots wakamsajili Alhamisi, na Jumapili hiyo hiyo akapiga yadi 78 na tachidauni 2 dhidi ya Detroit Lions. Msimu uliotangulia alikuwa hapo hapo New England, kwa hiyo hakufundishwa chochote, alikumbushwa tu. C.J. Anderson alisajiliwa na Los Angeles Rams tarehe 18 Desemba 2018, goti la Todd Gurley likisumbua. Msimu huo huo alikuwa ameshaachwa na Carolina Panthers na Oakland Raiders. Mechi yake ya kwanza yadi 167, ya pili 132, na kwenye mtoano akawapiga Dallas Cowboys yadi 123. Rams walikuwa wanacheza sana mbio za kanda: safu nzima inasogea upande mmoja, ranibeki anavuta subira, kisha anakata mara moja kwenda mbele. Anderson alishaifanya kazi hiyo Denver chini ya Gary Kubiak. Kwangu, hilo lina uzito kuliko takwimu zozote za miaka ya nyuma.

Sasa wiki yenyewe. Majaribio kwa kawaida ni Jumanne: vipimo vya daktari asubuhi, kisha uwanjani kukata kona, kupokea mpira, kuruka vizuizi. Ukimaliza karatasi za mkataba Jumanne jioni, Jumatano anakuta mbinu za dauni ya kwanza na ya pili (dauni ni jaribio; timu ina manne ya kusogeza mpira yadi 10). Alhamisi kwa kawaida ni dauni ya tatu, Ijumaa ni karibu na mstari wa goli, Jumamosi mnatembea tu. Ukichelewa hadi Alhamisi mchana, umepoteza msingi, na hakuna kocha atakayerudia mazoezi ya timu nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Ndiyo maana kocha wa maranibeki amkatie kipande tu cha kitabu: mbio 4 au 5 zinazoweza kuchezwa pande zote mbili, pasi fupi 2, na aina 2 za ulinzi. Zaidi ya hapo ni kumchanganya.

Na ulinzi ndio uchungu wa mambo yote. Dauni ya tatu, zimebaki yadi 7, ranibeki amesimama ubavuni mwa kwotabeki. Walinzi ni sita: watano wa safu ya mbele na yeye. Senta, yule wa katikati ya safu anayeanzisha mpira, ananyoosha kidole kumtaja lainibeki wa kati, mpinzani anayesimama nyuma ya ukuta wao, na hapo hesabu ya nani anamkaba nani inaanza. Ranibeki anakagua kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu anayepita katikati ana njia fupi zaidi ya kumfikia kwotabeki. Mtu wake asipokuja, anatoka nje kupokea pasi fupi. Akija, anamfuata na kukutana naye karibu na safu, magoti yamekunjwa, mikono ikigonga kifuani, kichwa juu. Kosa la kawaida la mtu mgeni ni kumsubiri adui nyuma. Akisukumwa hatua mbili tu, kwotabeki anakanyagwa na mlinzi wake mwenyewe. Kosa la pili ni la msamiati. Neno linaloamuru safu iteleze kulia katika timu moja linaweza kuwa la kushoto katika nyingine, na mtu aliyezoea lile la zamani kwa miaka 7 atalitii kabla hajafikiri. Mazoezi ya kimwili hayatibu hilo. Dawa yake ni kukaa na kwotabeki na video usiku.

Marshawn Lynch anatuonyesha sura nyingine. Seattle Seahawks walimrudisha tarehe 23 Desemba 2019, baada ya maranibeki wao kuumia mmoja baada ya mwingine. Mechi 3 pamoja na mtoano: mpira mara 30, yadi 67, tachidauni 4. Wastani ni wa aibu, ila kwa yadi ya mwisho alitosha. Hata hivyo, dhidi ya San Francisco 49ers, sekunde za mwisho, mpira ukiwa yadi 1 kutoka goli, Seahawks walichelewa kumwingiza, muda wa kuanzisha mpira ukaisha, wakaadhibiwa yadi 5. Walifungwa 26-21. Kuingia na kutoka uwanjani nako kunafanyiwa mazoezi.

Mwili nitausema kwa kifupi. Mtu aliyejifua peke yake amekimbia mbele tu. Hajabanwa na kulazimika kusimama ghafla. Kinachochanika ni nyuma ya paja, kigimbi na kinena. Mechi ya kwanza nisingempa mpira zaidi ya mara 10.

Karatasi nazo zina mitego. Mkongwe mwenye misimu 4 akiwemo kikosini wiki ya 1 anaweza kudai mshahara wa msimu mzima hata akiachwa, ndiyo sababu simu nyingi hupigwa wiki ya 2. Mwaka 2024 kima cha chini kwa aliyetimiza misimu 7 kilikuwa dola 1,210,000, zikigawanywa kwa wiki 18, lakini kwenye kikomo cha mishahara mkataba wa mwaka mmoja wa aina hiyo ulihesabiwa kama dola 985,000. Wengi huanzia kikosi cha mazoezi. Kutoka huko unapandisha watu 2 kwa mechi, na kila mmoja mara 3 tu katika msimu wa kawaida. Ya nne lazima umwingize kwenye kikosi cha watu 53. Kumbukeni pia kwamba ranibeki wa tatu hutegemewa kwenye mipira ya mateke, kazi ambayo wakongwe wengi hawaifanyi, hivyo kumvalisha jezi kunakunyima mtu mwingine.

Kwa hiyo mara hizo 3 zitumieni kwa hesabu. Asipokuwa tayari Jumapili ya kwanza, abaki na nguo za kawaida, afanye mzunguko kamili wa Jumatano hadi Jumamosi, kisha apandishwe dhidi ya timu ambayo haitumi malainibeki wengi kumvamia kwotabeki.