Jicho litangulie, mkono ufuate

Wazazi wenzangu na walimu, asanteni kwa kuja. Leo tutacheza michezo ya kumzoesha mtoto kuongoza mkono kwa macho, na sina kifaa cha maana mkobani. Nina soksi mbili, uzi, vibanio vya nguo na kalamu za rangi, tena zimevunjika.

Tuanze na soksi. Moja nimeikunja ndani ya nyingine mpaka imekuwa kibonge, nikaifunga uzi. Naitundika hapa mlangoni, usawa wa kifua cha mtoto, naisukuma kidogo. Mtoto asimame, kichwa kitulie, macho tu yaifuate ikienda na kurudi. Baadaye aiguse kwa kidole inapopita. Akizoea, ikiwa upande wake wa kushoto aiguse kwa mkono wa kulia. Hapo mkono unavuka katikati ya mwili, jambo linalowasumbua watoto wengi.

Mtaniuliza, si nimrushie mpira tu? Mpira unafika jicho halijauona vizuri. Mtoto anafumba macho, unampiga puani, na kesho hataki kuuona. Soksi inarudi pale pale kwa mwendo ule ule, kwa hiyo anawahi kukisia itapita wapi. Kosa letu wazazi ni haraka.

Vibanio navyo. Kati ya miezi 9 na 12 mtoto huanza kuokota vitu vidogo kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Kibanio kinaendeleza kazi hiyo hiyo mtoto akikua. Chora nukta za rangi ukingoni mwa boksi, abane kila kibanio kwenye rangi yake. Jicho linachagua, vidole vinatii.

Kalamu hizi nimezivunja makusudi, msinicheke. Kipande kifupi hakikamatiki kwa ngumi, kwa hiyo vidole vinalazimika kushika. Karatasi ibandikeni ukutani: bega linafanya kazi na kiganja kinakaa mkao mzuri wa kuandika. Mviringo mtoto hunakili karibu na miaka 3, msalaba miaka 4, pembetatu karibu miaka 5. Anayelazimishwa pembetatu akiwa na miaka 3 anaonewa tu.

Nisisahau: uzi uondoeni mkimaliza, usibaki na mtoto peke yake. Shanga na vitu vya kumezeka visimkaribie aliye chini ya miaka 3. Na mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja kila akitazama, anayefunika jicho moja, au ambaye jicho lake linakwenda pembeni, soksi haitamsaidia. Huyo apelekwe kwa daktari wa macho mapema, kwa sababu jicho lililozembea, yaani linaloona hafifu kwa kutotumika vizuri, hutibika vizuri zaidi utotoni.

Haya, nani ajaribu? Njoo, baba, wewe uliyekuwa unacheka. Simama hapa. Macho tu, kichwa usikitikise... Mmeona? Kimetikisika. Tena, taratibu.