Tuvix, Nahodha Janeway na Ukumbi Uliogawanyika Nyegezi

DOTO: Habari za jioni, wasikilizaji wetu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na popote mlipo. Mimi ni Doto.

SHIJA: Na mimi ni Shija, mdogo wake. Shikamoo, dada.

DOTO: Marahaba, mdogo wangu. Umepoa? Maana Jumamosi ulitoka pale ukumbini hata kuaga hujaaga.

SHIJA: Nimepoa, ila sijabadili msimamo. Mtu akimwita Nahodha Janeway muuaji, mimi siwezi kukaa kimya.

DOTO: Basi tuanzie hapo hapo. Kwa ambaye hakuwepo: Jumamosi tulikusanyika Nyegezi tukaangalia episodi moja ya Star Trek: Voyager, ile tamthilia ya televisheni ya safari za anga. Inaitwa "Tuvix", ilirushwa Marekani mwezi Mei 1996. Ni ya zamani, lakini hadi leo mashabiki wa sizoni hii wanagombana juu yake. Na sisi tukagombana. Taa zilipowashwa nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama inabishana na nusu nyingine.

SHIJA: Wape kisa kwanza.

DOTO: Voyager ni chombo cha anga, nahodha wake ni Janeway, na kimetupwa mbali kabisa na nyumbani, miaka nuru 70,000. Hata wakienda kwa kasi yao yote, safari ya kurudi ni miaka 75. Sasa humo ndani kuna Tuvok, mkuu wa usalama, Mvulkani, yaani mtu wa sayari ya Vulcan, asiyecheka wala kukasirika. Na kuna Neelix, mpishi, mchangamfu kupita kiasi, kazi yake kumkera Tuvok. Wanatumwa kwenye sayari kuchukua mimea. Wakati wa kurudishwa kwenye chombo na ule mtambo wa kuhamisha watu, wanaingia wawili, anatoka mmoja.

SHIJA: Kwa sababu ya ua.

DOTO: Ua la jamii ya okidi walilokuwa wamelibeba. Vimeng'enya vyake vikawaunganisha ndani ya mtambo. Anatoka mtu mpya, ana kumbukumbu za wote wawili, hata nguo zake zimechanganyika, sare ya Tuvok na kitambaa cha maua cha Neelix. Anajiita Tuvix.

SHIJA: Na niseme haki, aliyemwigiza, Tom Wright, alifanya kazi kubwa. Ukimtazama unamwona Tuvok kwenye namna anavyosimama, halafu anatabasamu, unamwona Neelix. Hakuwaiga. Alikuwa mtu wa tatu.

DOTO: Umesikia ulichosema?

SHIJA: Nimesikia.

DOTO: Mtu wa tatu! Hilo ndilo nililosema Jumamosi ukaninyamazia. Majuma yanapita, Tuvix anafanya kazi ya usalama vizuri, anapika vizuri kumliko Neelix, watu wanamzoea, wanampenda. Halafu Daktari anagundua njia ya kuwatenganisha. Tuvix anasema hapana, sitaki kufa. Na Nahodha Janeway anaamua kwamba atatenganishwa, atake asitake.

SHIJA: Ngoja. Hapo unasimulia kama wakili wa Tuvix. Simulia pia alichosema Janeway. Alimwambia Tuvok na Neelix hawapo kujisemea, kwa hiyo yeye ndiye sauti yao. Wana watu wanaowapenda. Tuvok ana mke na watoto wanne nyumbani kwao Vulcan. Hao watoto nao wamekosa nini?

DOTO: Hawajakosa kitu.

SHIJA: Basi! Mimi shida yangu na wenzangu wa Jumamosi ni hiyo. Tuvix tunamwona. Analia, anaomba, ana uso. Tuvok na Neelix hatuwaoni, kwa hiyo tunawasahau. Mtu aliye mbele yako ni rahisi kumhurumia. Nahodha kazi yake ni kumkumbuka na yule asiyeonekana.

DOTO: Hiyo ni hoja nzito, siikatai. Lakini hawa walikuwa wamekwisha kufa, Shija. Ajali ilitokea, tukaomboleza, na kwenye ajali ile akazaliwa mtu.

SHIJA: Nani kasema wamekufa? Dada, wewe na mimi tumekulia ziwani. Unakumbuka MV Nyerere.

DOTO: Nakumbuka.

SHIJA: Septemba 20, 2018, kivuko kinatoka Bugolora kwenda Ukara, kinapinduka karibu kabisa na gati. Walikufa watu zaidi ya 220. Sote tulikuwa kwenye redio. Ijumaa nzima kazi ni kuopoa miili, Jumamosi watu wameshakata tamaa. Halafu wazamiaji wanamtoa fundi wa mitambo akiwa hai, alikuwa amekaa kwenye sehemu yenye hewa ndani ya kivuko kilichopinduka. Siku mbili! Kama wangesema huyu naye tumhesabu kwa wafu, angekufa kweli. Ndiyo maana mtu akiniambia Tuvok na Neelix "walikwisha kufa" wakati njia ya kuwatoa ipo, damu yangu inachemka. Kama njia ipo, hawajafa.

DOTO: (kimya kidogo) Sikutegemea ungelileta hilo.

SHIJA: Nimelifikiria tangu Jumamosi.

DOTO: Basi na mimi nikujibu kwa heshima ya wale waliokuwa kwenye kivuko kile. Kumtoa yule fundi hakukuhitaji kumzamisha mtu mwingine. Wale wazamiaji hawakwenda kumchukua mtu aliyesimama gatini, mzima, anayepumua, wakamtupa majini ili yule atoke. Wangeambiwa wafanye hivyo, wangekubali?

SHIJA: Hapana.

DOTO: Hapo ndipo mimi ninaposimama. Kuokoa ni jambo moja. Kuchukua uhai wa mtu asiye na kosa ili umpe mwingine ni jambo jingine, hata kama mwingine huyo ni wawili. Katiba yetu ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi. Haijasema kila mtu aliyezaliwa kwa njia ya kawaida.

SHIJA: Na ibara hiyo hiyo inasema ana haki ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Tuvok na Neelix nao ni kila mtu. Jamii yao ni ile Voyager. Nani awahifadhi?

DOTO: Umeisoma.

SHIJA: Niliisoma jana usiku kwa ajili yako.

DOTO: Tuna ujumbe wa sauti hapa kutoka kwa mama mmoja wa Igoma, ni muuguzi. Nimeusikiliza mara nyingi. Anasema watu wote wanamtazama Janeway, yeye alimtazama Daktari. Yule Daktari si binadamu, ni hologramu, programu ya kompyuta. Na kwenye chombo kizima ni yeye peke yake aliyekataa. Alisema ameapa kutomdhuru mgonjwa, hawezi kuondoa uhai wa mtu bila ridhaa yake. Mama anasema kwenye kazi yake hilo halina mjadala: mtu mzima mwenye akili timamu akikataa, amekataa. Hata kama figo yake ingeokoa watu wawili wodi ya pili, huendi kuichukua.

SHIJA: Daktari alikuwa sahihi kama daktari. Nakubali. Lakini Janeway si daktari. Alichukua kifaa akafanya mwenyewe, hakumlazimisha mtu mwingine abebe ule mzigo. Hilo mimi nalihesabu kwake. Viongozi wangapi wanasaini karatasi, halafu mkono unaofanya ni wa mtu mwingine?

DOTO: Hilo ni kweli, alibeba mwenyewe. Sasa turudi kwenye ile sehemu iliyougawa ukumbi. Chumba cha kuongozea chombo. Janeway anaingia kumwambia Tuvix muda umefika. Tuvix anakataa. Anawageukia wenzake, mmoja mmoja, watu ambao asubuhi walikuwa wanakula chakula chake. Hakuna anayesimama. Huyu anatazama mitambo, yule anatazama chini. Na kamera haina haraka, inakupitisha kwenye kila uso. Nilihesabu nyuso nikisubiri angalau mmoja afungue mdomo.

SHIJA: Hapo hata mimi niliumia.

DOTO: Halafu anawaambia ni watu wema, na anawasamehe. Anawasamehe! Kijana aliyekaa nyuma yangu, hata simfahamu, alisema kwa sauti, "Simameni basi!" Ukumbi mzima ulimsikia.

SHIJA: Lakini kuna wasikilizaji wanaosema hapo waandishi walituonea. Walimpa Tuvix maneno yote mazuri. Yule fundi boti wa Kirumba katuma ujumbe mkali: anasema kama wangemfanya Tuvix awe mkorofi, mvivu, ana dharau, leo hakuna anayemlilia. Tungesema mtenganisheni haraka. Kwa hiyo tunamtetea kwa sababu ana haki, au kwa sababu anapendeka?

DOTO: Swali lake limenisumbua, na nadhani jibu langu ni hili: ndiyo, upole wake unatusaidia kumwona, lakini haki yake haikutokana na upole. Na mimi nina sababu yangu ya ndani. Wasikilizaji wengi mnajua mimi nina pacha, Kulwa, anaishi ng'ambo, Sengerema. Nikipita mwalo wa Kirumba kuna mama anauza dagaa, rafiki yake Kulwa. Ananishika mkono, anaanza kunipa habari za kikoba, nani kalipa, nani hajalipa. Nikimwambia, "Mama, mimi ni Doto," uso unashuka. Hanichukii. Ila alikuwa anamtafuta mwingine, na mimi niliyepo nimekuwa upungufu wa yule asiyekuwepo.

SHIJA: Hilo hujawahi kuniambia.

DOTO: Nimelizoea. Lakini ule uso niliuona kwa Kes. Kes alikuwa mpenzi wa Neelix. Tuvix anakwenda kwake amwombee kwa nahodha. Na yule binti, mwema kuliko wote mle ndani, anafika kwa Janeway, anashindwa. Analia, anasema anamtaka Neelix. Simlaumu, ana msiba. Ila Tuvix alikuwa amesimama mbele yao wiki zote hizo, na walipomtazama walimwona Neelix aliyekosekana na Tuvok aliyekosekana. Yeye mwenyewe hakuna aliyemchagua.

SHIJA: Sasa dada, nikuulize bila ubishi. Ungekuwa Janeway ungefanyaje?

DOTO: Kwanza ningeita kikao.

SHIJA: Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

DOTO: Sisemi wapige kura. Nasema asikilizwe mbele ya watu, na mtu apewe kazi ya kumsemea. Janeway alijipa kazi ya kuwasemea Tuvok na Neelix, halafu akawa yeye huyo huyo hakimu. Tuvix msemaji wake alikuwa nani? Hakuna. Hata kwa kesi ya ng'ombe aliyeingia shamba la watu, wazee wanakaa, pande zote zinasikilizwa.

SHIJA: Hapo umenipata. Uamuzi wenyewe bado nautetea. Watu wawili waliokuwa na maisha yao, na njia ya kuwarudisha ipo, mimi ningewarudisha na ningelia. Lakini bila kikao, bila mtu wa kumsemea, hiyo ni dosari ya Janeway. Siifichi.

DOTO: Na dosari ya sizoni yenyewe ni kubwa zaidi. Unajua wiki iliyofuata walirusha nini?

SHIJA: "Resolutions".

DOTO: Janeway na msaidizi wake, Chakotay, wanaugua, wanabaki kwenye sayari, na anayeachiwa chombo ni nani? Tuvok! Siku 7 baada ya Tuvix, Tuvok ndiye kaimu nahodha, anatoa amri kwenye chumba kile kile ambacho Tuvix aliomba uhai wake. Na hakuna anayesema neno. Tuvok hakumbuki? Neelix hajiulizi? Sizoni iliendelea hadi 2001 na jambo lile hawakuligusa tena.

SHIJA: Hilo linaniudhi hata mimi ninayemtetea Janeway. Ningetaka kumwona Tuvok akiulizwa. Kwa mantiki yake ya Kivulkani, angesema uamuzi ulikuwa sahihi? Labda angesema haukuwa. Walikuwa na almasi mkononi wakaiacha.

DOTO: Ndipo mashabiki wakaibeba wenyewe, miaka yote hii. Mpaka 2023 sizoni ya katuni, Star Trek: Lower Decks, ikalirudia kwa episodi yao ya "Twovix", watu wakaunganishwa tena na jina la Janeway likatajwa. Waliifanya kichekesho. Mimi sikucheka sana.

SHIJA: Mimi nilifurahi tu kwamba kuna mtu aliyekumbuka.

DOTO: Basi wiki hii tunafanya hivi. Jumamosi, ukumbi ule ule wa Nyegezi, saa kumi jioni, tunaangalia "Resolutions". Nataka tumtazame Tuvok peke yake, kila anapokaa kwenye kiti cha nahodha.

SHIJA: Na yule kijana aliyepiga kelele "Simameni basi", kama unatusikia, njoo ukae mbele. Nina maswali na wewe.

DOTO: Mama muuguzi wa Igoma naye, kama zamu inaruhusu. Ujumbe wa sauti tutumieni kwa namba ile ile, usizidi dakika 2.

SHIJA: Na wanaomwita Janeway muuaji waje na hoja, wasije na neno hilo tu.

DOTO: Watakuja nazo. Mimi nitakuwa wa kwanza.